Kumsomea Karata Mume Wangu

Mume wangu alipopoteza macho, kitu cha kwanza alichonikataza ni kumhurumia kwa sauti. "Nihurumie kimoyomoyo kama unataka," aliniambia, "lakini ukiongea na mimi, ongea kama jana." Nilijitahidi. Haikuwa rahisi, kwa sababu jana yetu haikuwa na maneno mengi.

Alikuwa afisa uvuvi. Huku kwetu mtu wa kazi hiyo huitwa Bwana Samaki, na jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu. Mpaka leo anayepita njia ya kwetu Kibeta, hapa Bukoba, akimwona barazani husema, "Bwana Samaki, shikamoo," naye huitikia akigeuza uso kule sauti ilikotokea. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia katika visiwa vya Muleba, kati ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa waliotoka kila pembe ya ziwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, nikabaki Bukoba na watoto. Ndoa yetu ilikuwa ya likizo na mwisho wa mwezi. Tulipostaafu wote na kuanza kukaa nyumba moja siku zote, nilikuta nina mgeni mpole ambaye nilikuwa nimezaa naye watoto wanne.

Ugonjwa wake unaitwa presha ya macho. Hauumi, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Ulianza kumla pembeni: akawa anagonga bega kwenye mwimo wa mlango, anaangusha kikombe ambacho mtu yeyote angekiona. Tulipofika kwa daktari jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili limebaki na mwanga wa kutofautisha dirisha na ukuta. Matone anayowekewa yanaulinda mwanga huo. Hayarudishi kilichokwisha kwenda.

Aliyetuletea poka, mchezo wa karata wa kwenye simu, ni binti yetu mkubwa. Anafanya kazi Dar es Salaam, na alipokuja Krismasi alimkuta baba yake amekaa barazani, redio imezimwa, mikono magotini. Alijua baba yake anapenda karata. Kule visiwani, siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, maana taa ya mvuvi haina nguvu mbele ya mwezi. Siku hizo watu walikaa mchangani wakicheza, na mshindi aliondoka na vikombe vya dagaa wakavu. Bwana Samaki alicheza nao, na alirudi nyumbani na dagaa wengi kuliko mshahara wake ulivyoweza kueleza. Basi binti akachukua simu yangu, akaingiza mchezo ule wa mtandaoni, akaweka humo pesa kidogo, kama ya kununulia sukari ya wiki.

"Mama, wewe utasoma," alisema. "Baba ataamua."

"Hii si kamari?" nikamuuliza.

"Ni kamari, ila ndogo. Zikiisha zimeisha. Msiongeze mpaka nirudi."

Mchezo wenyewe nitaueleza kama nilivyoelezwa. Kila mchezaji anapewa karata mbili ambazo anaziona yeye peke yake. Kisha mezani zinafunuliwa karata tano za watu wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua watu wanaweka dau. Mwenzako akiweka lake, unaweza kulipa kiasi hicho hicho ili uendelee, au unaziacha karata zako pamoja na chochote ulichokwisha kuweka. Kuna na kuongeza juu yake, lakini maumivu yote yako katika hayo mawili. Vitufe vimeandikwa kwa Kiingereza; sisi tukavipa maneno yetu, fuata na acha. Akiwa amechangamka mume wangu husema kwa Kihaya, "Leka!" na hapo hata jirani anajua tumeacha.

Nilikuwa msomaji mbaya sana mwanzoni. Nimesomesha ufahamu miaka mingi, nikawapigia wanafunzi meza wasome kwa hisia, sasa nikajikuta nakosolewa kwa kosa hilo hilo.

"Mwalimu," alisema siku moja (huniita hivyo tangu uchumba), "usinisomee kwa furaha."

"Furaha gani?"

"Umesema 'kingi mbili' kama mtu anayetangaza harusi. Sauti yako inataka tufuate kabla mimi sijafikiri. Soma kama matangazo ya kanisani, yale ya mwisho, watu wameshachoka."

Nikajifunza kusoma hivyo. Nilikaa kwenye kiti cha mianzi, yeye kando yangu kwenye kile chenye mto, mvua ikiwa juu ya bati au jua likiwa kwenye migomba, kwa kawaida baada ya chakula cha mchana. Nilisoma karata zetu, karata za mezani, nani ameweka nini. Yeye alisikiliza amefumba macho, jambo ambalo halikuwa na haja lakini ndivyo alivyofanya. Wale tuliocheza nao hatukuwajua. Kila mmoja ana picha ndogo, nasi tuliwaita kwa picha zao: wa baiskeli, wa mlima, wa ng'ombe. Huyo wa ng'ombe alikuwa na picha ya ng'ombe mwenye pembe ndefu kama wale wa Karagwe, nasi tukakata shauri kwamba ni mtu wa upande wetu, ingawa angeweza kuwa popote duniani.

Nilichokuja kukistaajabia ni jinsi alivyowaweka wote kichwani. Mimi niliyekuwa nawaona niliwasahau mara simu ilipozimwa. Yeye aliniuliza kesho yake, "Wa mlima yupo? Yule anayefuata kila kitu kisha anaacha mwishoni?" Aliuliza mtu ameweka dau haraka au amekawia. Nikisema amekawia, aliuliza amekawia kama mtu anayefikiri au kama mtu aliyekwenda kuangalia sufuria. Mwanzoni nilidhani ananitania.

Siku tuliyopewa hizo kingi mbili ndiyo siku niliyoanza kumheshimu kwa namna mpya. Kingi mbili ni karata nzuri mno, mtu anaweza kukaa alasiri nzima asizipate. Mezani ikafunuliwa esi, karata pekee inayoizidi kingi, na nyingine mbili ndogo, kisha ya nne ndogo pia. Wa baiskeli akaweka dau kubwa. Kuna mstari wa kijani unaopungua kukuhimiza uamue, na mimi mstari ule hunifanya nishike simu kwa mikono miwili.

"Wa baiskeli," akasema taratibu. "Huyu leo hajaweka hata dau moja kubwa."

"Hajaweka."

"Wala jana."

"Mzee, mstari unakwisha."

"Acha."

"Kingi mbili?"

"Ana esi huyo. Leka!"

Nikabonyeza. Wa baiskeli akazoa pesa zote, na kwa kuwa hakuna aliyemfuata, hakulazimika kuonyesha karata zake. Zilitoweka. Nilikwenda kumenya ndizi nikiwa bado nimekasirika, na niliporudi barazani nikamuuliza anawezaje kukaa pale kwa amani bila kujua kama alikuwa sahihi.

"Kule visiwani," alisema, "nilimwona mtu akipoteza mtumbwi kwa sababu alitaka kujua tu. Hakutaka kushinda, alishaona ameshindwa. Alitaka kujua mwenzake ana nini." Akaegemea mto wake. "Kujua kunauzwa, Mwalimu. Ukiona bei ni kubwa, ondoka hujui."

Maneno hayo hakuyasema kama fundisho. Aliyasema akipapasa chini kutafuta ndala yake, akaipata, akaivaa, akaniuliza kama kuna maharage.

Mwezi wa kahawa kuiva, wifi yangu alikuja kutoka Kamachumu. Huyo ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, mama wa kanisa, mwanamke ambaye akiingia nyumbani kwako unajikuta unafuta meza iliyokwisha kufutwa. Alikuja na ndizi, na kahawa kavu za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, na jambo. Jambo alilitoa siku ya kwanza, kabla hata chai haijapoa.

"Kaka," alisema, "ukoo umekaa. Tunaona urudi nyumbani. Kibanja cha migomba kipo, watu wapo, vijana wa kukushika mkono wapo. Hapa mjini wifi yangu yuko peke yake na wewe. Atachoka."

Mimi nilitazama sakafu. Nyumba hii ya Kibeta tuliijenga kwa mishahara miwili, tofali kwa tofali, na kila pembe yake ameishaijua kwa mikono. Kamachumu alikozaliwa angekuwa mtu wa kuongozwa mpaka chooni.

"Nimesikia, dada," alijibu. "Nipe nafasi nifikiri."

"Ufikiri nini? Unashinda ukifanya nini hapa?"

Tulikuwa hatujagusa simu tangu afike, kama watoto walioficha kitu. Lakini siku ya tatu mvua ilinyesha mfululizo, wifi akajilaza chumbani baada ya chakula, na mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kidogo tu."

Tulianza kwa kunong'ona. Pesa yetu wakati huo ilikuwa imekua. Kutoka ile ya sukari ya wiki ilikuwa imefika ya kununua kuku mzuri wa kienyeji, na yote tulikuwa nayo mezani siku hiyo, maana tulicheza vizuri na hatukutaka kuhamia meza nyingine. Karata zetu zilikuwa jeki na kumi. Mezani ikafunuliwa jeki, saba na nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa shupaza. Jozi ya jeki, basi. Nzuri, lakini si ya kufia. Wote wakaacha, tukabaki sisi na wa ng'ombe. Akaweka dau, tukafuata. Ikafunuliwa mbili ya uru. Akaweka tena, haraka, tukafuata tena. Ya mwisho ikatoka kwini ya kopa.

"Shupaza haikuja," alisema mume wangu.

"Haikuja. Ameweka zote."

"Zote zake?"

"Zote. Tukifuata ni zetu zote pia."

Sikujua wifi alikuwa amesimama mlangoni mpaka aliposema, "Zote nini?"

Nikashtuka, simu ikanitelezea mapajani. Mume wangu hakushtuka. "Dada, kaa," alisema. "Tuna kazi hapa. Mwalimu, alikawia?"

"Alikawia. Kama anayefikiri."

"Kamari?" wifi akauliza. "Kaka, kamari nyumbani mwako? Na mke wako ndiye anakushikia?"

"Ndiyo, dada. Ndogo. Kaa."

Akakaa, kwa mshangao nadhani kuliko kwa utii. Mume wangu akaanza kuongea polepole, akipita hatua kwa hatua yote tuliyoyaona tangu karata zilipotoka. Mtu huyu anaweza kuwa na jeki bora kuliko yetu. Anaweza kuwa na saba mbili mkononi, ya tatu mezani, amekaa kimya anatuvuta. Au alikuwa akisubiri shupaza ya tano, maana tano za alama moja hushinda jozi, haikuja, na sasa hana kitu ila kututisha. Alitaja kila dau lililowekwa, kwa mpangilio, bila kukosea. Nilimwona wifi akimtazama kaka yake mdomo wazi kidogo. Kwa siku tatu alikuwa akimkatia nyama kwenye sahani.

Mstari ulikuwa umefika nusu. Mchezo unampa mtu muda wa ziada akiuomba, nikauomba.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinigeuzia uso akasema, "Mimi nimefika mwisho wangu. Pande zote mbili naziona sawa. Wewe umemwangalia huyu tangu Pasaka. Amua."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayemwona."

Ni kweli kulikuwa na kitu nilichokiona. Wa ng'ombe akiwa na karata nzuri, huandika dau lake mwenyewe, tarakimu za ajabu ajabu, zenye vichenji, kama mtu anayepima kwa uangalifu kiasi ambacho utakubali kulipa. Akitisha, hubonyeza tu kile kitufe cha kuweka zote. Mume wangu hakujua hilo, kwa sababu mimi nilipomsomea nilikata vichenji ili nisimchoshe. Safari hii wa ng'ombe alikuwa amebonyeza kitufe.

"Fuata," nikasema.

Sauti yangu ilitoka nyembamba. Wifi akasema, "Waitu, jamani, mnafuata nini?" Nikabonyeza.

Karata zikafunuka. Saba mbili.

Pesa yetu yote ikateleza kwenye kioo kuelekea kwa ng'ombe yule, na mahali petu pakaandikwa sifuri. Wifi, ambaye hakuelewa sheria hata moja, alielewa sifuri, akapiga makofi mara moja na kusema, "Basi! Imekwenda!"

"Ameonyesha nini?" mume wangu akauliza.

"Saba mbili."

Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko chake cha ndani kwa ndani. "Saba mbili," akarudia. "Amekaa nazo hivyo tangu mwanzo. Ee, mtu huyu." Akanyoosha mkono, akaupata mkono wangu. "Umefuata vizuri, Mwalimu."

"Tumepoteza."

"Tumepoteza, na umefuata vizuri. Hayo ni mambo mawili. Sasa niambie, kwa nini ulifuata?"

Nikamweleza habari ya vichenji na kitufe. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu macho yake yaanze kumwacha, uso wa mtu aliyefunguliwa chumba kingine ndani ya nyumba aliyodhani anaijua.

"Umekaa na jambo hilo muda wote huu?"

"Nilidhani litakuchosha."

"Litanichosha!" alisema. "Kuanzia leo nisomee mpaka kichenji cha mwisho. Usinikatie."

Wifi alikuwa akituangalia kwa zamu. Jioni ile, tulipokuwa tunakula, niliona anasogeza sahani ya nyama mbele ya kaka yake bila kuikata. Mume wangu akapapasa, akachukua finyango, akala.

Binti alipopata habari alipiga simu kucheka, akataka kutuma pesa nyingine saa ile ile. Baba yake akakataa. Zimeisha, alisema, makubaliano ni mpaka uje. Nilitegemea angalau asite kidogo, kwa jinsi alivyokuwa akiusubiri mchezo huo kila siku, lakini alisema hivyo kama anavyosema acha, kisha akaniomba nimsomee gazeti. Najua watu wenye macho mazima ambao wasingeweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani pesa za vitunguu za kuingiza mchezoni.

Wifi aliondoka mwisho wa wiki. Nilimsindikiza stendi, nikambebea kikapu. Njiani hakusema chochote kuhusu ukoo, na mimi sikuuliza, ingawa nilikuwa sijalala vizuri kwa sababu ya jambo hilo. Alipokwisha kupata kiti kwenye gari la Muleba, akashusha kioo.

"Nitawaambia kaka bado ana kazi Bukoba," alisema.

"Kazi gani, wifi? Watakuuliza."

Akafikiri. "Nitasema ana hesabu na mke wake. Wakiuliza zaidi nitawaambia waje wenyewe." Kisha akakunja uso wake wa kanisani. "Lakini wifi, mambo ya kamari muombe Mungu awasamehe."

"Tutaomba."

"Na yule mwenye ng'ombe, mkikutana naye tena, msimwachie."

Gari likaondoka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika na nilitaka kutembea nikiwa mwepesi hivyo. Nilimkuta mume wangu uani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anaanua nguo kutoka kwenye kamba, moja moja, akinusa kila moja kujua ni ya nani. Alinitambua kwa hatua.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Anasema ubaki."

Akaitika kwa kichwa, akakunja kanga yangu vizuri kabisa, pindo kwa pindo. Nilidhani angesema kitu kuhusu dada yake, au kuhusu Kamachumu. Lakini alichosema ni hiki:

"Nimekuwa nikifikiri habari ya yule wa ng'ombe. Ulisema akiwa na karata anaandika vichenji. Mbona safari ile alibonyeza kitufe?"

"Hata mimi sielewi."

"Alijua," alisema. "Alijua kuna mtu anamsoma. Miezi yote hiyo anaandika vichenji, anasubiri siku ya kutunasa." Akasimama na ile kanga mikononi, uso ameuelekeza juu ya migomba, kule ambako kwake kuna mwanga tu. "Mwalimu, kuna mtu mwenye akili mahali fulani."

Alikuwa na furaha tele. Nikampokea nguo, nikaenda kubandika chai.